Sema Mapema, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Mbagala, nimekusoma. Ulimeza kidonge kimoja cha fangasi, flukonazo, halafu kipimo cha mkojo kikatoa mistari miwili, na sasa hupati usingizi kwa kuwaza moyo wa mtoto. Tulia kwanza. Kasoro za moyo na mifupa zinazojulikana vizuri ni za dozi kubwa, inayomezwa kwa wiki nyingi. Hata hivyo, kliniki waambie ulimeza nini, kiasi gani na lini.

Wengi hawaambiwi kwamba moyo wa mtoto huanza kupiga takribani siku ya 22 tangu mimba kutungwa. Hapo hedhi imechelewa wiki moja tu, na wewe bado unasingizia uchovu wa daladala. Kufikia wiki ya 8, vyumba vyake vinne vimeshajengwa. Anayeanza kliniki na mimba ya miezi minne anamkuta fundi ameshaondoka.

Ndiyo maana duka la dawa linanitia wasiwasi kuliko kitu kingine. Muuzaji anakata vidonge kwa mkasi, jina linabaki kwenye kipande chake, wewe unaondoka na kibahasha kilichoandikwa "1x2". Mwambie aandike jina la dawa. Na hata kama kuna foleni nyuma yako, inama umnong'oneze: "Siku zangu zimepita."

Kuna dawa zinazohusishwa moja kwa moja na kasoro za moyo: valproate na fenobabitoni za kifafa, na lithiamu. Pombe nayo imo, gongo isijitoe. Lakini jamani, asiache mtu dawa ya kifafa kwa kusoma hapa! Degedege linaweza kumuua mama na mtoto. Unapanga kuzaa? Mwone daktari kabla, akubadilishie. Na dada unayekunywa methadoni ya kuachia heroini pale Mwananyamala au Temeke, endelea. Kukatisha ghafla kunaweza kuitoa mimba. Malaria vilevile hutibiwa: tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaruhusu dawa mseto ya ALu hata miezi mitatu ya mwanzo.

Nanyi mawifi mnaomlaumu mama, punguzeni midomo. Watoto wengi wanaopelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, wakiwa na tundu kwenye moyo, chanzo chake hakijulikani. Mama hakufanya kosa lolote.

Wewe wa Mbagala, nenda kliniki wiki hii. Usisubiri tumbo lionekane.