Suti Unayo, Bado Kizibao: Vidokezo 10

Suti yako ya vipande viwili imeshakutoa kwenye harusi kadhaa na kikao cha posa. Sasa umealikwa tena, waalikwa ni walewale, na picha za mwaka jana wanazo kwenye simu. Suti mpya ni gharama. Kizibao, au weskoti kwa wanaokiita hivyo, ndiyo njia ya bei nafuu ya kuifanya suti ileile ionekane nyingine. Tatizo ni kwamba vizibao vingi tunavyoviona ukumbini vinaonekana vimeazimwa asubuhi hiyohiyo.

1. Acha kumtafuta pacha wa suti

Wengi huanza kwa kusaka kizibao cha rangi ileile ya suti. Msako huu unachosha, na mara nyingi unaishia pabaya. Viwanda hutia vitambaa rangi kwa mafungu, na fungu la mwezi huu hupishana kidogo na la mwezi ujao hata kama namba ya rangi ni moja. Ongezea jua, pasi na dobi, ambavyo vimekuwa vikiifubaza suti yako polepole bila wewe kujua. Ukivaa bluu iliyokolea juu ya bluu nyingine iliyokolea karibu sawa, unafanana na ukuta uliozibwa kwa rangi ya kopo jingine. Nyeusi nayo ina vituko vyake: dukani zote ni nyeusi, ukumbini chini ya taa moja inaelekea ukijani na nyingine wekundu.

Pacha wa kweli hupatikana kwa njia chache. Rudi duka ulilonunua suti, kama muda haujapita sana na kama wanauza vipande vyake kimoja kimoja. Au muulize fundi aliyekushonea kama kitambaa kilibaki. Kizibao kinakula kitambaa cha suti upande wa mbele tu, mgongo huwa ni bitana, kwa hiyo mtu wa mwili wa kawaida hamalizi hata mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Kuna pia suti zinazouzwa na suruali mbili, na fundi hodari anaweza kuifumua moja akatoa pande mbili za mbele. Kabla hajashika mkasi, ipeleke hiyo suruali juani pamoja na koti ulinganishe. Suruali ambayo haijawahi kufuliwa inaweza kuwa imeshaachana na koti lake.

Ukizikosa njia hizo, geuza nia. Tafuta kizibao kinachotofautiana na suti, na kitofautiane waziwazi, hata mtu aliyekaa meza ya nyuma ajue kwamba umekusudia.

2. Anza na kijivu

Kama huna pa kuanzia, anza na kijivu cha kati au kilichopauka. Kinakaa vizuri na suti ya bluu iliyokolea, na ile ya kijivu kizito, na hata nyeusi, ambayo kwa kawaida ni ngumu kuitafutia mwenzake. Waingereza wanaofuata taratibu za zamani huvaa koti jeusi la harusi ya asubuhi na kizibao cha kijivu kilichopauka au cha rangi ya ngozi ya ng'ombe iliyofifia, kwa hiyo hakuna atakayesema umekosea. Suti ya kahawia au ya ugoro inapenda rangi ya maziwa. Damu ya mzee hupendeza na bluu, lakini ni rangi inayokumbukwa: ukiivaa Juni, Agosti watu watakuambia "leo tena?"

Masapeli wa Kinshasa na Brazzaville, ambao kuvaa kwao ni kazi kamili, wana kanuni kwamba rangi zisizidi tatu kwa mara moja. Hesabu suti, kizibao, tai. Ukishafika tatu, shati libaki jeupe na kitambaa cha mfukoni kirudie rangi mojawapo. Na nakshi iwe moja. Suti ya mistari ivaliwe na kizibao cha rangi moja. Kizibao cha drafti kivaliwe na suti isiyo na mchoro wowote.

3. Gusa kitambaa kabla ya kuuliza bei

Tofauti ya kitambaa husaidia kama tofauti ya rangi, na wakati mwingine zaidi. Suti laini ya sufu inakubali kizibao chenye manyoyamanyoya kidogo, au cha kitani. Kinachoharibu ni mng'ao. Poliesta inayong'aa juu ya suti isiyong'aa hufanya kifua chako kiwe kitu cha kwanza kuonekana kwenye kila picha yenye mwanga wa kamera.

Halafu kuna joto. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga mwezi wa Februari, kizibao ni nguo ya tatu mwilini, na mgongo wake wa bitana ya poliesta hautoi hewa. Kitani au pamba nyepesi itakuokoa. Wa Njombe, Makete na Limuru wachukue sufu nzito bila wasiwasi. Huko kizibao kinafanya kazi yake ya asili ya kutia joto kifuani.

4. Urefu ndio mtihani wenyewe

Hapa ndipo vizibao vingi vinapofeli. Kizibao kinatakiwa kufunika kiuno cha suruali pande zote, ukiwa umesimama, umekaa, na umenyanyua mikono kumshangilia bwana harusi. Likionekana shati kati ya kizibao na suruali, hata kama ni upana wa vidole viwili tu, mavazi yote yameanguka. Huonekana kama kizibao cha mdogo wako.

Kosa mara nyingi si la kizibao. Suruali za suti za miaka ya karibuni hukatwa zikae chini, karibu na nyonga, wakati kizibao kilibuniwa kwa suruali inayopanda mpaka karibu na kitovu. Kwa hiyo usijaribu kizibao ukiwa umevaa jinzi. Vaa suruali ileile ya suti, ipandishe mahali unapoivalia kweli, kisha kaa kitini na usimame. Ikiwa suruali yako inakaa chini sana, una mambo mawili: kutafuta kizibao kirefu, ambacho ni adimu, au kumwambia fundi akushonee. Kurefusha kilichokwisha kushonwa haiwezekani, maana pindo la chini halina akiba ya kitambaa. Muuzaji akikuambia "kitavutika", mshukuru na uendelee na safari.

5. Koti lazima lifunge

Koti la suti ya vipande viwili lilikatwa kwa hesabu ya shati peke yake. Vaa kizibao, vaa koti juu yake, funga kifungo. Kitambaa kikijikunja kutoka kwenye kifungo kwenda pande zote, koti linalalamika. Fundi anaweza kulitoa kidogo kwenye mishono kama ndani kuna akiba, au wewe ukachagua kizibao chembamba kisicho na kola, kwa kuwa kola ya kizibao chini ya kola ya koti huongeza unene palepale usipopataka. Angalia pia shingo: koti likiwa limefungwa, kizibao kichungulie kidogo juu ya kifungo. Kikizama kabisa ndani umepoteza hela yako, na kikipanda hadi karibu na fundo la tai utafanana na mhudumu wa hoteli.

6. Mtumbani, nenda na koti lako mkononi

Kwa maoni yangu vizibao bora kwa bei ya kawaida viko mtumbani. Ulaya na Marekani suti za vipande vitatu huvunjika njiani: mtu anatoa koti leo, suruali mwakani, na kizibao kinaingia kwenye robota peke yake kama yatima asiye na ndugu. Ndiyo maana Karume pale Ilala, Memorial kule Moshi, Gikomba na Toi jijini Nairobi, au Kongowea Mombasa unaweza kukuta kizibao cha sufu safi kwa bei ya sahani chache za chipsi.

Usitegemee kuvikuta vimetundikwa pamoja na suti. Wauzaji wengi huvichanganya na nguo za kike au huviacha chini ya rundo la mashati. Uliza. Ukiwa mteja wa mara kwa mara, mwachie muuzaji kipimo chako cha kifua na namba ya simu, akifungua mzigo akuwekee. Gikomba wale wanaochagua kwanza mzigo ukifunguliwa hulipa zaidi, nguo zenyewe wanaziita kamera, na kwa kizibao nadhani haina haja. Wanaogombania vizibao si wengi.

Picha ya suti kwenye simu haitoshi, kwa sababu kila simu ina rangi zake. Beba koti lenyewe. Ukipata kinachokuvutia, toka nacho chini ya turubai. Turubai la bluu hugeuza kijivu kuwa bluu na kahawia kuwa kitu kisicho na jina, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe. Juani, kinyanyue dhidi ya mwanga uone kama nondo wametoboa sufu. Nusa kwapani. Hesabu vifungo, na uangalie mgongoni kama kile kikanda cha kubana bado kina kibanio chake.

Namba za saizi zinachanganya lakini zina utaratibu. Za Uingereza na Marekani ni inchi za kifua: 40, 42, 44. Za bara la Ulaya zinazidi kwa 10, kwa hiyo 50 ya Italia au Ujerumani ni 40 ya Uingereza. Ukishajua yako, usiparamie nyingine kwa sababu bei ni nzuri.

Tahadhari moja: nyeusi ya poliesta, vifungo vya plastiki, mgongo wa kitambaa kilekile cha mbele. Mara nyingi hicho kilikuwa sare ya mkahawa. Ukumbini utaombwa soda.

7. Mpe fundi kazi anayoiweza

Kubana pembeni na katikati ya mgongo ni kazi ndogo. Kubadilisha vifungo ni ndogo zaidi, na inabadilisha sura kuliko unavyodhani: toa vya plastiki, weka vya pembe au vinavyokaribiana na vya koti. Bitana iliyochakaa inabadilishwa. Mabega ni habari nyingine, na matundu ya mikono yaliyo makubwa mno hayarudi. Kwa hiyo mtumbani nunua kinachokaa vizuri mabegani na shingoni, hata kama kinapwaya tumboni. Kisha: "Fundi, naomba unipunguzie mgongoni tu, mabega usiyaguse." Sema hivyo mara mbili.

8. Kifungo cha chini kiache wazi

Kwa kizibao cha safu moja ya vifungo, cha mwisho hakifungwi. Hadithi maarufu inamtaja Mfalme Edward VII wa Uingereza, kwamba tumbo lilimzidi naye akakiacha, na watu wa ikulu wakamwiga. Iwe kweli au la, vizibao vingi leo hukatwa vikitegemea kifungo hicho kiwe wazi, na ukikifunga kitambaa kinajikunja ukikaa. Cha safu mbili hufungwa.

9. Mkanda uache nyumbani

Bizimu la mkanda hutuna chini ya kizibao kama uvimbe. Suruali ikae kwa kubanwa kiuno na fundi, au kwa mikanda ya mabegani, ambayo kizibao kitaificha. Na kizibao cha kanzu, kile kilichotariziwa cha Lamu na Unguja, kiache juu ya kanzu; ni kizuri mno kufunikwa na koti.

Faida ya kizibao huonekana saa nne usiku, muziki ukishakolea. Mwenye suti ya vipande viwili akivua koti anabaki na shati lenye jasho. Wewe unabaki umevaa. Gareth Southgate, wakati huo kocha wa Uingereza, alisimama kando ya uwanja kwenye Kombe la Dunia la 2018 huko Urusi akiwa na kizibao na tai bila koti, na kizibao kikawa habari nchini kwao hadi timu ilipotolewa na Croatia kwenye nusu fainali.

10. Kama ni cha wasimamizi wa harusi

Hapo sheria ya kwanza inageuka, kwa kuwa vizibao vinatakiwa vifanane vyenyewe kwa vyenyewe hata kama suti hazifanani. Nunueni kitambaa chote siku moja, kwenye jora moja, na mzidishe mita moja, kwa maana kuna msimamizi atakayenenepa kati ya kupima na harusi. Fundi awe mmoja. Mabaki ya kitambaa na vifungo vya akiba akabidhiwe bwana harusi mwenyewe, kamati itavipoteza.