SOMO: KIJANA ANAPONUNUA GARI LA KASI LILILOTUMIKA

Leo tunaongea juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi. Kijana amepata kazi, ameweka akiba, na sasa anataka gari. Tena si gari lolote tu. Anataka lile linalonguruma.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 23 alipata leseni mwaka jana. Ana shilingi 350,000 zake, na chama cha akiba na mikopo kimekubali kumkopesha 350,000 nyingine. Wadhamini wake ni mama yake na wanachama wawili wa kikundi. Ameona Subaru Impreza ya mwaka 2004, yenye turbo, inauzwa 700,000.

"Mama, hiyo bei ni poa sana. Nikichelewa mtu mwingine ataichukua."

"Na bima ni pesa ngapi?"

"Aa, mama, hiyo ni mambo madogo. Nitachukua ile ya bei ya chini."

Mama ananyamaza. Anajua kwamba gari likipotea, deni halipotei, na wadhamini ndio watakaokatwa akiba zao. Je, wasiwasi wake una msingi? Tuangalie pamoja.

1. Kwa nini gari hili linapendwa

Impreza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Wakenya waliiona kwa macho yao: Colin McRae alishinda Safari Rally nayo mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000. Lakini gari la mashindano lilifuatwa na mafundi njia nzima. La kwako litafuatwa na mfuko wako peke yake.

Jambo lingine: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Impreza ya mwaka 2004 utakayouziwa leo imekaa hapa nchini miaka mingi na pengine imepita mikono mingi. Huenda mmoja wao alikuwa kijana mwenye mguu mzito kama wako.

2. Kabla ya kutoa pesa

(a) Nenda na makanika wako, si wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni dalili kwamba inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto ni dalili kwamba huenda maji yanaingia ndani.

(b) Uliza juu ya mkanda unaoendesha vali, ule mafundi wanaita taiming belti. Kwa injini nyingi za Subaru za miaka hiyo hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni, na injini inaharibika. Kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

(c) Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA. Jina liwe la huyo anayekuuzia, na namba ya chesisi ilingane na ile iliyo kwenye gari lenyewe. Ukiona jina la benki au la mkopeshaji, jua gari bado lina deni.

(d) Badilisha jina mara moja. Kwa Sheria ya Trafiki, gari lisitumike zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mwenyewe kabla ya kuandikishwa upya. Usikubali maneno ya "tutamalizana baadaye."

3. Bima ni ya namna gani?

Bima ya mtu wa tatu ndiyo sheria inailazimisha kwa kila gari barabarani. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine uliyemuumiza au kumuua, na sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Gari lako likiharibika, bima hii hailipi hata shilingi. Likiibwa, hailipi. Ukibomoa ukuta wa jirani, soma mkataba wako uone, maana sheria yenyewe hailazimishi bima ya mali.

Bima kamili inaongeza gari lako: ajali, moto na wizi. Lakini kampuni nyingi hazipendi kuchukua gari kuukuu sana, na gari la turbo mikononi mwa kijana linaonekana ni hatari zaidi. Basi uliza bei kabla ya kununua gari, si baada. Nenda kwa kampuni tatu ukiwa na mwaka wa gari, ukubwa wa injini, umri wako na miaka ya leseni yako.

Uliza pia juu ya sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Mara nyingi dereva kijana au mwenye leseni mpya huongezewa sehemu hiyo.

Tuseme gari lina thamani ya 700,000, nawe unalikatia bima ya 350,000 ili ulipe kidogo. Umepata ajali ya 200,000. Kwa kuwa ulikata nusu ya thamani, kampuni inaweza kuhesabu nusu ya hasara, yaani 100,000. Tuseme sehemu yako ni 20,000, na 10,000 zaidi kwa sababu ya umri. Unapata 70,000. Zile 130,000 zilizobaki ni zako.

4. Sema ukweli

Wengine watamshauri kijana: "Andika bima kwa jina la mama, itakuwa rahisi." Huu ni mtego. Bima inasimama juu ya ukweli. Kama wewe ndiye dereva wa kila siku na hukusema, kampuni inaweza kukataa kulipa. Hali kadhalika ukificha kwamba turbo au ekzosti imebadilishwa. Tena bima ya gari la binafsi hailipi mashindano ya barabarani, wala kubeba abiria kwa nauli.

Kagua pia kwamba kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, na uangalie tarehe ya cheti. Kikiisha leo usiku, kesho asubuhi huna bima.

5. Turudi kwa kijana wetu

Mwenye 700,000 asitafute gari la 700,000. Afadhali apange hivi:

Gari lisilo na turbo: 500,000
Bima kamili: 40,000
Mkanda, breki na tairi: 60,000
Jumla: 600,000

Sasa mkopo unashuka kutoka 350,000 hadi 250,000, na wadhamini wanalala. Gari halitanguruma sana, lakini litafika. Kasi ya kuongeza itakuja leseni ikikomaa na deni likiisha. Wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ungekuwa mdhamini, ungemuuliza kijana huyu maswali gani kabla ya kutia sahihi?
2. Bima ya mtu wa tatu inamlinda nani, na inamwacha nani?
3. Nani kati yenu amesoma mkataba wake wa bima mpaka mwisho? Mkutano ujao uleteni, tuusome pamoja.