Mbegu Moja Haipandwi Mlima Mzima

Pakiti ya mbegu za kabichi inayouzwa Kianjokoma ndiyo ileile inayouzwa Ishiara. Picha ni moja, na nyuma zimeandikwa siku za kukomaa kana kwamba Kaunti yote ya Embu inaota jua moja. Lakini anayeteremka kwa matatu kutoka mashamba ya chai, kando ya msitu wa Mlima Kenya, hadi Mbeere, anapita hali tatu za hewa kabla ya saa sita mchana. Kabichi ikipandwa juu itachelewa karibu mwezi mzima, ila itafunga barabara. Ikipandwa katikati itakomaa kama pakiti ilivyoahidi. Ikipandwa chini itatanua majani, igome kufunga, na mwenyewe atakwenda kugombana na mwenye agroveti.

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Embu mjini iko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, Ishiara iko chini ya 1,000, na upande wa Meru, Timau imepita 2,200. Huna haja ya kununua kifaa cha kupimia. Tazama zao la biashara la jirani yako. Ralph Jätzold na Helmut Schmidt, walioigawa Kenya katika kanda za kilimo kwa niaba ya Wizara ya Kilimo mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifanya hivyohivyo: kanda walizipa majina ya mazao, kuna ya chai na ng'ombe wa maziwa, ya kahawa, ya pamba, mpaka ya mifugo na mawele. Basi kama majirani wako wanapeleka chai kwenye viwanda vya Rukuriri, Mungania, Githongo au Kionyo, wewe ni mtu wa baridi na mvua nyingi. Kama wanachuma kahawa, uko pazuri. Kama mashamba yamejaa muguka, ndengu na mtama, panga bustani yako kwa hesabu ya maji kwanza, mbegu baadaye.

Jambo la pili ni mvua, na hapa wengi hukosea kwa sababu ya vitabu vya shule. Tulifundishwa kwamba mvua kubwa ni za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba ni ndogo. Upande huu wa mashariki ya mlima, hasa Mbeere, Tharaka na nyanda za chini za Meru, mvua za Oktoba ndizo za kutegemewa. Zile za Machi zinaweza kukatika Mei ikianza tu, mboga zikiwa bado hazijajaza hata sufuria. Ukiwa na pesa za kupanda kwa nguvu mara moja kwa mwaka, zielekeze Oktoba. Na kitalu kisingoje mvua. Mwaga mbegu mwanzoni mwa Septemba, kitalu ukifunike kwa nyasi, umwagilie kwa mkebe uliotobolewa, ili mvua ikishika katikati ya Oktoba uwe na miche ya wiki tano au sita. Anayesubiri matone ya kwanza ndipo aandae kitalu hupandikiza katikati ya Novemba, na mwezi mmoja baadaye mvua inaaga.

Kwenye ukanda wa chai shida si maji, shida ni wingi wake. Inua matuta kwa sentimita 20 hivi, yakinge mteremko, maji yapate pa kupita bila kubeba udongo. Udongo wa huko una asidi. Chai inaupenda, mboga nyingi haziupendi. Mwombe afisa wa kilimo wa wadi akuelekeze pa kupimisha udongo kabla hujamwaga chokaa ya kilimo. Majivu ya jikoni husaidia kidogo, lakini usiyachanganye na samadi siku moja, maana nguvu ya samadi hupotea hewani. Tanguliza majivu, samadi ifuate baada ya wiki kadhaa.

Huko juu panda kabichi, karoti, minji, spinachi, dania na sukuma wiki. Managu nayo hustahimili. Nyanya ni kamari. Baridi yenye unyevu ndiyo inayopendwa na blaiti, ule ugonjwa unaochoma majani ya nyanya na viazi kwa siku chache, na Julai mlima ukijifunika ukungu hakuna dawa itakayokupa usingizi. Anayezitaka lazima azijengee paa la nailoni lililo wazi ubavuni, azifunge kwenye vijiti, akate majani yanayogusa udongo, na maji ayapeleke shinani tu. Mimi ningekula kabichi yangu na kununua nyanya soko la Gakoromone.

Faida ya baridi ni kwamba kabichi iliyokomaa haikuharakishi. Bonyeza kichwa kwa kiganja. Kikiwa kigumu, kimekuwa tayari, na kinaweza kukungoja shambani wiki kadhaa. Hatari yake ni mvua nzito kukipasua. Ukiona vichwa vimejaa na mbingu zimefunga, shika kabichi uizungushe nusu mzunguko ili mizizi kadhaa ikatike. Itapunguza kunywa maji. Unapovuna, kata kichwa, acha kisiki na majani ya chini. Vitachipuka vichwa vidogo vya kutosha mboga ya jioni moja au mbili.

Timau na Buuri ni habari nyingine. Watu husema "Meru ni baridi" wakidhani baridi yote ni moja, kumbe upande ule mlima umewazibia mvua. Kuna baridi, upepo na ukavu kwa pamoja. Mboga huko huhitaji kizuizi cha upepo na paipu ya maji, na kati ya Januari na Februari, usiku ukiwa mweupe bila wingu, umande unaweza kuganda juu ya majani. Mwagilia udongo mchana, kisha jioni funika miche kwa magunia na uyaondoe jua likitoka. Viazi vya Kibirichia vinajulikana sokoni, lakini ni zao la shamba, si la uani.

Ukanda wa kahawa, kuanzia Runyenjes na Manyatta hadi Nkubu, ni wa watu waliobarikiwa wakazembea, nami nasema hivyo kwa wivu. Karibu kila mboga inaota. Kinachokosekana ni nafasi, kwa sababu kahawa, migomba na majani ya ng'ombe vimemaliza ardhi, na mboga imesukumwa kivulini. Ipe sehemu yenye jua karibu na jikoni, hata kama ni magunia sita yaliyojazwa udongo na samadi. Shina na shina la sukuma liachiane sentimita 45, mstari na mstari 60. Terere na dania usizipande zote siku moja. Mwaga kamstari kila baada ya wiki tatu, usije ukala terere wiki moja hadi watoto wagome, kisha ukose kwa miezi miwili. Kando ya barabara kuna mbolea ya bure: tithonia, ule mmea mchungu wenye maua ya njano. Watafiti wameijaribu mashambani kule Chuka, kwa majirani zetu, na kuona inavyorutubisha udongo. Katakata majani na vishina laini, uchanganye na udongo wiki moja au mbili kabla ya kupandikiza. Yanaoza upesi.

Huku chini, Siakago, Kiritiri, Ishiara, Mitunguu na pande za Tharaka, tuta lililoinuliwa ni kosa. Chimba kitanda kizame. Ondoa udongo wa juu uuweke kando, legeza wa chini hadi sentimita 30, rudisha ule wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza, na uso wa kitanda ubaki chini ya njia kwa kina cha kiganja. Kila tone litakaloanguka litabaki humo. Tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba, unene wa vidole vinne, uyaache mbali kidogo na mashina ili mchwa wasipate daraja.

Sasa hesabu ya maji. Wakati wa jua kali, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji takribani lita 5 kwa siku. Kitanda cha upana wa mita moja na urefu wa mita nne kinakunywa lita 20, yaani mtungi mmoja kila siku. Kwa hiyo hesabu mitungi unayoweza kuiteka, ndipo uhesabu vitanda. Mama anayeteka mitungi mitatu ya ziada ana vitanda vitatu. Cha nne kitakufa na kufa na maji ya wenzake. Paa nalo lihesabu. Mvua ya milimita 10 kwenye mabati ya mita za mraba 40 ni lita 400. Toa moja ya tano iliyopotea, ubaki na 320, ambayo ni mitungi 16. Tangi la lita 10,000 likijaa kufikia Desemba, na likiwa la bustani pekee, hulisha vitanda vitatu zaidi ya miezi mitano. Ndiyo sababu naona gata ni muhimu kuliko mbegu ghali.

Panda vinavyolipenda joto: kunde, terere, saga, mrenda, malenge, bamia. Saga na terere hazitaki baridi hata kidogo, na zinazokosa jua kule juu, hapa hujiotea. Sukuma wiki inawezekana ikipata kivuli cha mchana, chini ya mipapai au neti. Chunguza nyuma ya majani kila siku mbili. Vidukari ukiwakuta mapema huondoka kwa vidole na maji yenye sabuni kidogo. Vitunguu hufaa sana, mradi uhesabu kurudi nyuma. Vikivunwa mvuani huoza, basi kitalu kiwe Septemba, upandikize Novemba, uvune Februari. Zaidi ya nusu ya majani yakishalala, acha kumwagilia wiki mbili, ng'oa, anika kivulini mpaka shingo zikauke.

Weka uzio wa miiba kabla ya kumwaga mbegu, kwa maana mbuzi wa Mbeere haheshimu hati ya ardhi. Na kama jirani, au wewe mwenyewe, hunyunyiza dawa kwenye muguka, miraa au kahawa, bustani isiwe upande ambao upepo unakwenda. Dawa ya zao moja si ya jingine, na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko ni za zao lile, si za mboga yako iliyoguswa na dawa, hata kama si wewe uliyeinyunyiza.

Kuvuna ni asubuhi, kabla ya saa mbili, majani yakiwa bado na maji yake. Sukuma ivunje kwa kusukuma jani chini pamoja na kikonyo chake, uache majani matano au sita machanga juu. Anayepura shina lote kwa sababu ya wageni atangoja mwezi. Terere na managu kata ncha mapema, kabla ya maua, zitoe matawi. Majani ya kunde huanza kuliwa wiki ya tatu au ya nne. Chukua machache kwa kila shina kama unataka na mbegu zake. Ziada ya Desemba ichovye kwenye maji yanayochemka, ianike kivulini juu ya neti, uifunge kwenye mkebe mkavu. Itakufaa Agosti, wakati ambao ndugu wa kule kwenye chai wana kabichi za kukutumia kwa matatu, nao wanatamani kunde zako.

Mbegu za kabichi chotara kama Gloria F1 utanunua kila msimu. Kwangua kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, na utume namba yake kwa SMS kwenda 1393 kabla ya kulipa. Za kunde, terere na saga ni zako. Chagua mashina mawili matatu mazuri tangu mwanzo, uyafunge kitambaa ili mtu asiyachume, uyaache yakauke yenyewe. Kunde changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, ujaze chupa mpaka shingoni na kuziba vizuri, fukusi wasipate hewa wala nafasi ya kuzaana.