Ukiitwa na Kamati ya Bunge Kutoa Ushahidi

Kamati za Bunge huchunguza mambo yanayomgusa mnunuzi moja kwa moja, kama vile bei ya mafuta, ubora wa sukari au mbolea ghushi. Katika uchunguzi huo, mwenye duka, mkulima au mnunuzi wa kawaida anaweza kupokea hati ya wito. Tunaeleza hapa yale ambayo shahidi anaweza kuyakataa na yale asiyoweza kuyakataa.

Wito ni amri

Kifungu cha 125 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalipa Bunge la Taifa, Seneti na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote. Katika kumlazimisha shahidi kufika, kumhoji kwa kiapo na kudai hati, mamlaka yake ni sawa na ya Mahakama Kuu. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka na kinga za Bunge, asiyefika bila sababu ya kuridhisha anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kukamatwa.

Haki zako mbele ya kamati

Shahidi bungeni ana haki na kinga zilezile za shahidi mahakamani. Kwa hiyo:

1. Mashauriano yako na wakili wako ni siri. Kwa kawaida hulazimiki kuyafichua.

2. Swali la faragha lisilohusiana na uchunguzi unaweza kulipinga kwa kueleza sababu.

3. Jibu linaloweza kukutia hatiani halikupi ruhusa ya kunyamaza. Hata hivyo, Sheria ya Ushahidi inakataza jibu ulilolazimishwa kulitoa lisitumiwe kukushtaki, isipokuwa kwa kosa la kusema uongo chini ya kiapo. Taja pingamizi lako kabla ya kujibu, ili kumbukumbu zionyeshe kwamba ulilazimishwa.

Usipoweza kufika

Ukiwa mgonjwa au safarini, mwandikie Karani wa Bunge kabla ya siku iliyotajwa, uombe tarehe nyingine na uhifadhi nakala ya barua. Ukiamini kwamba wito wenyewe ni kinyume cha sheria, muone wakili mapema ili Mahakama Kuu iombwe kuusimamisha. Kukaa nyumbani kimya hakuhesabiwi kuwa pingamizi.