SOMO: KWA NINI MLIMA HUPOROMOKA?



Usiku mmoja wa Novemba 2019, mvua kubwa iliporomosha milima huko Pokot Magharibi, sehemu za Nyarkulian, Parua na Muino. Zaidi ya watu 50 walifariki. Baada ya msiba kama huo watu husema, "Ni mlima tu umeamua." Lakini mlima hauamui. Una sababu yake, na sababu hiyo inaweza kupigiwa hesabu.

1. Hesabu yenyewe

Katika mteremko kuna nguvu mbili. Uzito wa udongo unavuta kwenda chini. Ugumu wa udongo pamoja na mizizi unashika. Gawanya nguvu ya kushika kwa nguvu ya kuvuta. Kwa mfano, 130 kwa 100 ni 1.3: mteremko umetulia.

Sasa mvua inyeshe siku nyingi. Maji yanaingia kati ya chembe za udongo na kuzisukuma ziachane. Udongo unazidi kuwa mzito, na huku unalegea. Kushika kunashuka hadi 95, kuvuta kunapanda hadi 105. Jibu ni 0.9. Likishuka chini ya 1, mteremko unaondoka.

2. Kazi ya kompyuta

Kompyuta hurudia hesabu hii mara nyingi, saa baada ya saa ya mvua. Hulishwa ukali wa mteremko, aina ya udongo, kina chake hadi kwenye mwamba, na kiasi cha mvua. Ikilishwa vipimo vibaya, itatoa jibu baya. Kwa hivyo inamhitaji mwenyeji.

Huko Saint Lucia, kisiwa cha Karibi chenye milima na nyumba za watu wa kipato kidogo, wataalamu Malcolm Anderson na Elizabeth Holcombe walianza kazi hiyo mwaka wa 2004. Walitembea na wenyeji nyumba kwa nyumba wakiuliza: maji hupita wapi? Ufa uko wapi? Kompyuta ilisaidia kuonyesha kama kuondoa maji kutauimarisha mteremko. Kisha wenyeji wakajenga mitaro na kuweka gata kwenye mabati. Kimbunga Tomas kilipokuja mwaka wa 2010, miteremko yenye mitaro hiyo ilisimama.

3. Sisi tufanye nini?

(a) Tembeeni pamoja wakati wa manyunyu, mchore ramani ya njia za maji.

(b) Wekeni gata. Bati la mita 40 za mraba, mvua ikiwa milimita 50, hutoa lita 2,000. Hayo ni madramu 10 yanayomwagwa nyuma ya nyumba! Yapelekeni kwenye tangi, na yanayozidi yaende mtaroni.

(c) Chimbeni mtaro wa kukinga maji juu ya nyumba, lakini uwe na mwisho salama, kwenye mkondo wa mawe au nyasi. Mtaro usio na mwisho huyanywesha udongo maji yale yale tunayoyakimbia. Kwenye mteremko mkali, muulizeni kwanza afisa wa kilimo.

(d) Msikate mguu wa mteremko kupata kiwanja bila ushauri. Ndio unaobeba yote yaliyo juu.

(e) Jueni dalili: ufa mpya ardhini, miti kuinama, mlango kukwama ghafla, chemchemi kutokea mahali pakavu. Mkiziona wakati wa mvua, ondokeni mchana, msingoje usiku. Mtaro hauwezi kuzuia poromoko kubwa la kina kirefu. Hapo dawa ni kuhama tu.

Maswali ya kujadili

1. Maji ya mabati yetu yanaishia wapi?
2. Ni nyumba gani ziko chini ya mteremko mkali, na nani atawaamsha wazee na watoto?
3. Tutaanza mtaro gani kabla ya mvua ijayo, na kila mmoja ataleta nini: jembe, mawe, au mikono?