SOMO: NANI APEWE KITI KATIKA CHOMBO CHA KUHIFADHI URITHI?

Utangulizi

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar iliundwa mwaka 1985, ikatungiwa sheria yake mwaka 1994, na sheria nyingine ikafuata mwaka 2010. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wananchi wengi huzifahamu sheria za namna hii kwa makatazo yake: kutobomoa, kutoongeza ghorofa, kutobadili jengo bila ya kibali. Vifungu vinavyotaja wajumbe husomwa juu juu. Madhumuni ya somo hili ni kuonyesha kwamba vifungu hivyo vina uzito mkubwa katika kuamua kipi kitahifadhiwa na kipi kitaachwa kianguke.

Maswali matatu ya kanuni za ujumbe

Kila kanuni ya ujumbe hujibu maswali matatu: nani ana kiti, nani humweka, na akae kwa muda gani.

(1) Kiti. Chombo chenye wataalamu peke yao hujua chokaa na boriti, lakini huenda kisijue kwamba mwenye nyumba hana uwezo wa kuvinunua. Chombo chenye wenye nyumba peke yao huijua shida hiyo, lakini huamua mambo yanayogusa mifuko yao wenyewe. Huko Lamu, Kenya, tume ya mipango iliundwa mwaka 1991 ili iwe kiungo baina ya watendaji wa halmashauri, wataalamu wa mipango na wahusika wengine katika eneo la hifadhi. Hata palipo na uwiano huo, yafaa kanuni imtake mjumbe mwenye maslahi katika shauri fulani atoke kikaoni linapoamuliwa.

(2) Uteuzi. Mjumbe humtazama yule aliyemweka. Aliyeteuliwa na kiongozi huogopa kumuudhi kiongozi huyo. Aliyechaguliwa na mtaa huogopa kuuudhi mtaa. Kwa hiyo ni vyema njia zote mbili zitumike, na sababu za kumwondoa mjumbe ziandikwe wazi.

(3) Muda. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972 ulianza na Kamati ya nchi 15, zikawa 21 baada ya nchi wanachama kufikia 40. Kipindi cha ujumbe kilikuwa miaka 6. Nchi wanachama zilipozidi kuongezeka, nyingi zilikaa nje zikingoja zamu. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa nchi wanachama uliziomba nchi zinazochaguliwa zipunguze kipindi chao kwa hiari hadi miaka 4. Mwaka 2014 kanuni zikarekebishwa tena: nchi inayomaliza kipindi ingoje miaka 6 kabla ya kugombea upya, na kila kundi la nchi litengewe viti. Kundi la Afrika lilitengewe viti 4. Tanzania ilikuwamo katika Kamati hiyo kuanzia mwaka 2015 hadi 2019. Ifahamike pia kwamba uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka 2, hivyo wajumbe hawaondoki wote kwa pamoja na uzoefu haupotei.

Mfano wa Berega

Somo hili halihusu miji ya mawe peke yake. Berega, katika Wilaya ya Kilosa, haiko mbali na Mamboya, kituo kimojawapo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliitaja njia hiyo ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na Mamboya imo. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya mwaka 1964, iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa majengo yanayolindwa moja kwa moja; la baadaye huhitaji tamko la Waziri. Kituo cha misheni cha Mamboya, kilichokuwapo katika miaka ya 1880, kiko upande wa pili wa mpaka huo. Mahali kama hapo pahitaji mtu wa kupasemea. Halmashauri ya Kijiji huwa na wajumbe 15 hadi 25, nao huchaguliwa na wanakijiji. Ikiwa kijiji kitaunda kamati ya urithi, mzee anayejua misafara ilipopiga kambi anastahili kiti sawasawa na mwalimu anayeweza kuyaandika maelezo yake.

Hitimisho

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 katika Mji Mkongwe, iliporomoka na watu 2 wakafariki. Ukuta hautoi taarifa kwa maandishi. Huhitaji wajumbe wanaoutazama na wenye haki ya kusikilizwa. Hivyo basi, wananchi wanaposoma rasimu ya sheria ya hifadhi, waanze na kifungu cha wajumbe.

Maswali ya kujadiliwa

1. Mpangaji wa nyumba ya kale apewe kiti, au asemewe na mwenye nyumba?
2. Kipindi kifupi kina faida gani, na kina hasara gani?
3. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani anayejua historia ya mahali lakini hajawahi kuitwa kikaoni?