Barua Isiyofika: Somo la Kutafuta Kosa katika Barua Pepe na Intaneti

Ninaandika kutoka Iyolwa, wilaya ya Tororo. Mhariri ameniomba niandike somo fupi juu ya matata yanayotupata kila siku tutumiapo barua pepe na zile programu za kufungulia kurasa za intaneti, ambazo siku hizi huitwa vivinjari. Mimi si fundi mkubwa. Ni mwalimu tu, niliyepewa ufunguo wa chumba chenye kompyuta 4 zinazotumia umeme wa jua, na mengi ninayoyajua nimeyajua kwa kukosea. Basi nitaanza na kosa langu lililo kubwa kuliko yote.

Barua iliyobaki nyumbani

Mwaka 2019 kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita alinijia siku ya Ijumaa. Chuo kimoja kilikuwa kimemwita, nacho kilitaka picha za hati zake zifike kabla ya saa kumi na moja jioni. Tulipiga picha kurasa 6, kila picha MB 4. Nilikwisha kusoma kwamba sanduku la chuo hupokea barua isiyozidi MB 25. Nikapiga hesabu: mara sita nne ni 24. Nikafurahi, nikabonyeza pa kupeleka. Betri ya jua ilikuwa karibu kwisha, kwa hiyo nikaizima kompyuta upesi.

"Mwalimu, imekwenda?" akaniuliza.

"Imekwenda, mwanangu. Nenda nyumbani kapumzike."

Haikwenda. Jumatatu nilipoiwasha kompyuta nikaikuta barua imekaa kimya katika kikasha cha barua zinazongoja, kile kilichoandikwa "Outbox". Tuliandika kuomba radhi, lakini nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Kijana yule alikaa mwaka mzima akilima muhogo na wimbi kwa babaye kabla ya kupata nafasi nyingine. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Je, kosa lilikuwa wapi? Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni la hesabu. Barua pepe tangu asili ilitengenezwa kuchukua maandishi matupu, si picha. Kwa hiyo picha inapotumwa, programu huigeuza kwanza iwe kama herufi, na kila sehemu 3 za picha huwa herufi 4. Maana yake mzigo huongezeka kwa theluthi moja. MB 24 zangu zilikuwa zimekuwa MB 32 njiani, na mlango ni wa MB 25. Ni kama mtu apimaye gunia la mihogo shambani, akasahau kwamba mizani ya sokoni hupima na matope yake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: nilisema "imekwenda" bila kutazama. Kubonyeza si kupeleka. Barua iliyokwenda huonekana katika kikasha cha "Sent". Isipokuwamo humo, haijatoka nyumbani. Tena, barua ikiwa ya haja kubwa, mwombe mpokeaji ajibu neno moja tu, au umpigie simu.

Dawa ya picha nzito ni rahisi. Zipunguze ukubwa kabla ya kuzituma, au uzigawe katika barua mbili, ukiandika juu "1 kati ya 2" na "2 kati ya 2".

Nyumba moja au kijiji kizima?

Sasa tuseme ukurasa haufunguki. Wengi wetu hufanya nini? Hubonyeza hapa na pale, hubadili hiki na kile, na mwisho hawajui walichobadili. Kosa moja likawa matatu. Yafaa kwanza kuuliza kama mganga: maumivu yako wapi?

Jaribu ukurasa mwingine. Ukifunguka, njia yako ni nzima, na ugonjwa uko katika ule ukurasa wa kwanza. Usipofunguka, tazama kompyuta au simu ya jirani. Yake ikiwa nzima na yako mbovu, kosa liko kwako. Zote zikiwa bubu, kosa liko njiani, wala hapana faida kuifungua mashine yako.

Kisha soma maneno yaliyo juu ya kioo, usiyakimbie. Ukiona namba 404, maana yake ni kwamba umefika nyumbani kwa mtu, mlango umefunguliwa, lakini kitu unachotaka hakipo. Intaneti yako haina kosa. Ukiambiwa kwamba jina la mahali halikupatikana, tazama kwanza kama umeliandika vema, kwa kuwa nukta moja au herufi moja yatosha kukupoteza. Na ukiona ukurasa wa zamani, hali wenzako wanaona mpya, huenda kivinjari chako kimekupa nakala kilichoiweka akibani ili kisiende tena safari ndefu. Kiamuru kiulete upya.

Sisi tukaao karibu na mpaka tuna tatizo letu wenyewe. Ukiwa Busia au Malaba, simu yaweza kunasa mnara wa Kenya bila wewe kujua. Bando ulilonunua Uganda huenda lisifanye kazi huko, au salio likakatwa haraka. Tazama jina la mtandao juu ya kioo cha simu. Likiwa si lako, ingia katika mipangilio, ulichague lako kwa mkono.

Nami nina ushahidi wa ubaya wa kutouliza kwanza. Usiku wa tarehe 13 Januari 2021, kabla ya siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikakaa siku kama tano. Mimi nilidhani simu yangu ndiyo iliyoharibika. Nikaifuta programu ya barua pepe ili niiweke upya. Kuifuta nilifaulu, lakini kuiweka sikuweza, maana kuiweka kwahitaji intaneti! Hata barua za zamani zilizokuwamo ndani ya simu sikuweza kuzisoma tena mpaka intaneti iliporudi. Kama ningalimwuliza jirani, ningalijua kwamba ni kijiji kizima. Basi usifute kitu kabla ya kujua ugonjwa.

Saa iliyorudi nyuma

Asubuhi moja kompyuta yetu ya tatu ilianza kukataa kila ukurasa. Ilisema kwamba njia si salama. Vijana wakasema, "Mwalimu, imeingiwa na virusi." Zile nyingine 3 zilikuwa nzima, kwa hiyo nilijua kosa limo ndani ya mashine ile. Nikatazama pembeni mwa kioo, nikaona tarehe: 1 Januari 2009.

Kurasa nyingi za siku hizi huja na hati ya kuthibitisha kwamba ni zenyewe, kama hati ya njia ya msafiri pale mpakani. Hati hiyo ina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta iliyodhani kwamba ni mwaka 2009 iliona kila hati haijaanza bado, ikazikataa zote. Nikairekebisha tarehe, na kurasa zikafunguka. Kesho yake ikarudi 2009. Ndipo nilipojua kwamba ile betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, yenye volti 3, iitwayo CR2032, imekufa. Hiyo ndiyo itunzayo saa kompyuta inapozimwa. Niliibadili, na tangu siku ile haijasumbua.

Lakini angalieni sana. Saa yako ikiwa sawa, na bado kivinjari kinakuonya juu ya ukurasa fulani, usilazimishe kupita, hasa ukiwa unataka kuandika neno la siri au namba ya fedha. Huenda mlinzi amemwona mwizi kweli.

Barua inaporudishwa

Wako watu ambao, wakipata barua ya kiingereza kirefu isemayo kwamba barua yao imerudi, huifuta bila kuisoma. Wamefanya vibaya. Ile ni tarishi aliyerudi kukwambia sababu. Mara nyingi sababu ni moja katika hizi tatu.

Ya kwanza, anwani haipo. Tazama kila herufi, tena hakikisha hapana nafasi katikati. Ya pili, sanduku la mpokeaji limejaa. Watu hushangaa kwamba sanduku hujaa, lakini kwa mfano zile GB 15 ambazo Google ilianza kuzitoa bila malipo mwaka 2013 ni za barua, picha na mafaili kwa pamoja. Picha za harusi zaweza kuzuia barua ya kazi. Futa vitu vizito, kisha safisha na pipa la taka, kwa maana kilichomo katika pipa bado kinahesabiwa. Ya tatu, mzigo ni mzito, nalo tumekwisha kulisema.

Ikiwa barua haikurudi wala haikufika, mwambie mpokeaji atazame katika kikasha cha "Spam", ambamo programu hutupa barua inazozidhania kuwa za walaghai. Nawe ukingoja jibu la chuo au la kazi, kitazame kikasha hicho kila siku.

Na juu ya neno la siri: likikataliwa, tazama kwanza kama umefunga kitufe cha herufi kubwa. Usijaribu mara kumi kwa hasira, maana mlango hufungwa kabisa. Wala usimpe mtu neno lako, hata akisema ni wa ofisi gani. Namba ya simu uliyoiandika siku ya kufungua sanduku ndiyo itakayokurudishia ufunguo ukipotea. Ukibadili laini ya simu, badili na namba hiyo siku ile ile.

Maneno ya mwisho

Kwa kifupi, mambo yatupasayo ni manne: tusome maneno yaliyoandikwa, tuulize kama ni nyumba moja au kijiji kizima, tubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na tusiseme "imekwenda" mpaka tumeona kwa macho.

Kijana yule sasa amemaliza masomo yake, naye ameajiriwa. Mwaka jana alikuja Iyolwa kunisalimu, akanikuta namsaidia binti mmoja kupeleka hati zake chuoni. Nilipobonyeza, alinitazama akacheka, akasema, "Mwalimu, fungua kikasha tuone." Tukafungua, tukaona barua imo. Binti akampigia simu karani wa chuo, naye akajibu kwamba ameipata. Ndipo nilipoizima kompyuta.

Maswali

1. Mwanafunzi ana picha 5, kila moja MB 4. Sanduku la mpokeaji hupokea MB 25. Je, barua moja itatosha? Onyesha hesabu.
2. Kompyuta moja katika chumba inakataa kila ukurasa, na nyingine zote ni nzima. Taja mambo mawili utakayoyatazama kwanza.
3. Eleza tofauti ya kikasha cha barua zinazongoja na kikasha cha barua zilizokwenda.